Je, laptopu nyembamba itabeba kazi ya mgodi?

*"Jambo yenu, Papa Injinia. Mimi ni mwanajiolojia, ninaishi Kampemba hapa Lubumbashi, na kila mwezi ninakaa wiki mbili Kolwezi. Laptopu yangu ya kazi ina skrini ya inchi 17, ina miaka mitano, na ukiipima pamoja na chaja yake inapita kilo 4. Bega la kulia linaniuma kila nikishuka kwenye gari. Ninachora mashimo ya uchorongaji, ninatumia AutoCAD (programu ya kuchora ramani), ninatengeneza modeli za miamba za 3D, na mara moja au mbili kwa mwezi ninakadiria madini kwenye modeli ya bloku, yaani mwamba uliogawanywa vipande vipande kwenye kompyuta, kazi ya saa mbili hivi. Muuzaji mmoja wa mjini amenionyesha laptopu nyembamba ya kilo 1.8. Anasema ina prosesa ileile na kadi ya grafiki ileile ya mashine kubwa, kwa hiyo sitapoteza kitu. Bwana wangu anasema hizo nyembamba zinaungua, hazimalizi miaka miwili. Nina dola 2500. Nimsikilize nani?"*

Aksanti sana mama. Umeniandikia kilo, saa na dola, na hapo umenirahisishia kazi, maana wengi huniuliza tu "laptopu gani nzuri?" nami nabaki sina la kushika. Nimekuelewa hivi: unataka bega lipumzike, lakini unaogopa kununua mashine itakayokuangusha siku ya kupeleka ripoti. Muuzaji anasema hutapoteza kitu, bwana wako anasema utapoteza chote. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Aliyekosea zaidi ni muuzaji, na kosa lake ndilo litakalokula fedha zako, basi nianze naye.

Jina la kadi ya grafiki halikuambii nguvu yake. NVIDIA, kampuni inayounda kadi hizo, humwachia mtengenezaji wa laptopu achague kadi ipewe wati ngapi. Chukua RTX 4070 ya laptopu: imeruhusiwa kupewa popote kati ya wati 35 na wati 115. Ile ya wati 35 na ile ya wati 115 zina jina moja na kibandiko kimoja. Dukani zinatajwa kana kwamba ni pacha, na sivyo. Prosesa nazo ziko hivyohivyo. Intel Core i7-13800H imeandikwa wati 45 za kawaida, lakini ikisukumwa inaweza kupanda hadi 115, na ni umbo la laptopu linaloamua itakaa huko juu sekunde ngapi.

Kwa nini umbo? Kwa sababu kila wati inayoingia kwenye prosesa inatoka ikiwa joto, na joto hilo lazima litolewe nje. Ndani ya laptopu kuna mirija ya shaba iliyobanwa bapa, yenye maji kidogo sana ndani yake. Maji yanachemka pale yanapogusa prosesa, mvuke unakimbilia upande wa pili wenye vibati vyembamba vingi, feni inapuliza vibati hivyo, mvuke unapoa na kurudi kuwa maji. Mashine nene ina nafasi ya vibati virefu na feni pana zenye mapanga marefu. Mashine nyembamba haina nafasi hiyo, hata itengenezwe kwa ufundi gani. HP ilitoa laptopu nyembamba ya kazi nzito, ZBook Studio, mwaka 2015, Lenovo ikafuata na yake, ThinkPad P1, mwaka 2018, na ufundi umeendelea sana tangu hapo, lakini hewa inahitaji pa kupita. Ukitaka shahidi asiyedanganya, soma chaja. Nyembamba nyingi za daraja hili huja na chaja ya wati 130 hadi 170. Nene huja na ya 230 au zaidi. Mtengenezaji hawezi kuitia mashine joto asilolipia kwenye chaja.

Sasa angalia kitu ambacho muuzaji hawezi kukuonyesha dukani. Mashine nyembamba ikianza kazi nzito, kwa sekunde kadhaa, hata dakika moja au mbili, inakwenda sawasawa na nene, kwa sababu shaba na bati la mwili wake bado ni baridi na vinameza joto. Baadaye prosesa inakaribia nyuzi 100 na inaanza kujipunguzia mwendo yenyewe. Kijana mwembamba na kijana mwenye misuli wote wanaweza kuvusha gunia la makala (makaa) barabara moja. Kulifikisha kutoka Ruashi hadi soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, ndiko kunakowatenganisha. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kununua ni moja: kazi yangu nzito kuliko zote inadumu dakika ngapi bila kupumua?

Tuchukue kazi zako moja moja. AutoCAD, kwa sehemu kubwa, inategemea kiini kimoja tu cha prosesa, ingawa prosesa ina viini vingi vinavyoweza kufanya kazi pamoja. Kiini kimoja hakili wati nyingi, na laptopu nyembamba inakipoza bila shida kutwa nzima. Kuzungusha modeli ya miamba kwenye skrini kunaitumia kadi kwa mafungu mafupi: unazungusha, unaacha, unaangalia, unafikiri. Hapo pia nyembamba inatosha. Hizi ndizo kazi zako za kila siku, na kwa hizi muuzaji yuko karibu na ukweli.

Ukadiriaji wa bloku ni habari nyingine. Njia ya kriging, iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini aliyehangaika kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kutokana na sampuli chache, inatatua milinganyo yake kwa kila bloku. Bloku moja haisubiri nyingine, kwa hiyo programu nzuri inagawia viini vyote kazi kwa pamoja. Viini vyote, saa mbili mfululizo. Hapo ndipo nyembamba inaachwa nyuma.

Lakini inaachwa kiasi gani? Hapa niwe mwadilifu kwa hizo nyembamba, maana wengi wanazidharau bure. Ukiipa prosesa nusu ya wati, haipotezi nusu ya mwendo. Ili ikimbie haraka zaidi inahitaji volti za juu zaidi, na matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo kile kipande cha mwisho cha kasi ndicho ghali kuliko vyote. Nyembamba inakiacha kipande hicho na kubaki na sehemu kubwa ya kasi. Tena kumbuka unailinganisha na mashine ya miaka mitano. Prosesa ya leo iliyobanwa inaweza kabisa kuifikia ya zamani iliyoachiwa. Kazi yako ya saa mbili huenda ikabaki saa mbili. Kile ambacho hutapata ni ile saa moja ambayo mashine mpya nene ingekupa. Kwa kazi ya mara mbili kwa mwezi, mimi nisingebeba kilo mbili za ziada kila siku kwa sababu ya saa hiyo. Kama ungekuwa unakadiria kila siku, ningekuambia kinyume, bila kusita.

Nije kwa bwana wako. Hofu yake si ya bure, ila sababu aliyoitaja siyo. Prosesa haiungui kwa kufanya kazi. Ikizidi joto inapunguza mwendo, na ikishindwa kabisa mashine inajizima kabla ya kuharibika. Nyembamba nyingi nilizofungua hapa Lubumbashi zilikufa kwa mambo mengine, na mengi yanazuilika.

La kwanza ni vumbi. Unaijua hali ya barabara zetu kuanzia Mei hadi Oktoba. Vumbi lile jekundu ni laini kama unga, linaingia kwenye vibati na kujenga blanketi kati ya feni na vibati. Mashine nene ina nafasi ya kuvumilia, nyembamba haina. Isitoshe, tuko juu: Lubumbashi iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 11 kuliko ya pwani, na feni ileile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Mwinuko huu hauvuki mipaka ya watengenezaji, maana ThinkPad zimepimwa kwa joto la chumba la nyuzi 5 hadi 35 mpaka mwinuko wa mita 2,438. Ila vipimo unavyosoma vya watu wa miji ya pwani, kwako vitashuka kidogo. Safisha vibati mara mbili kwa mwaka: mwezi wa nane, vumbi likiwa limeshiba, na tena mvua zikianza.

La pili ni mkoba, na hili limeua mashine nyingi kuliko watu wanavyodhani. Laptopu za siku hizi hazilali kama zile za zamani. Ukifunga kifuniko zinabaki macho nusu, zinaangalia barua pepe, zinashusha masasisho. Ndani ya mkoba uliofungwa, kwenye gari lenye joto, mashine inaweza kuamka kabisa na kujipika yenyewe kutoka Lubumbashi hadi Likasi, na hutajua mpaka uiguse. Joto la namna hiyo linazeesha betri vibaya. Kabla ya safari usifunge kifuniko tu. Zima kabisa, subiri taa izimike, ndipo uiweke mkobani. Ukiishika tabia hii moja, umeishajibu nusu ya hofu ya bwana wako.

La tatu ni umeme wenyewe. Ukikatika hauna neno, kuna betri. Hatari ni pale unaporudi na kishindo, au radi za Novemba hadi Aprili. Usichomeke chaja moja kwa moja ukutani bila kifaa cha kutuliza volti, iwe mashine nene au nyembamba. Na kwa kuwa tumegusa umeme: laptopu nyembamba nyingi zina mwili wa alumini, na katika nyumba isiyo na waya wa ardhi utahisi kama sisimizi wanatembea kwenye viganja mashine ikiwa imechomekwa. Chaja zina umeme mdogo sana unaovuja kwenda ardhini kwa jinsi zilivyoundwa, na ukikosa ardhi unapitia kwako. Hisia hiyo hafifu haina hatari. Ikiwa ni mshtuko wa kukufanya uondoe mkono, hilo si la laptopu tena, ni la nyumba: mwite fundi umeme apime soketi kabla hujaitumia tena.

Kwa upande wa umeme, nyembamba ina faida ambayo hukuitaja. Ikiwa unatumia inveta na betri umeme unapokatika, au paneli ya sola ukiwa Kolwezi, mashine inayokula wati 60 wakati unachora itakufikisha mbali kuliko inayokula 120. Nyingi pia zinachajiwa kwa tundu la USB-C la wati 100, kwa hiyo chaja ndogo ya mfukoni inakutosha kwa kazi za kuandika, na ile kubwa unaiacha ofisini. Ila usitegemee betri kwa kazi nzito. Betri kubwa za laptopu zinaishia karibu na wati-saa 100, kwa sababu kupita hapo utahitaji kibali cha shirika la ndege kuingia nayo. Gawanya mwenyewe: wati-saa 90 kwa mashine inayokula wati 100 ni dakika 54. Hakuna umbo litakalobadilisha hesabu hiyo.

Sasa jambo ambalo mimi ningelitazama kabla hata ya kilo. Ni memori. Katika nyembamba nyingi memori hiyo (RAM) imetiwa lehemu kwenye bodi kuu. Hakuna kuongeza, hakuna kubadilisha. Ukinunua yenye GB 16 utakufa nayo ya GB 16, na modeli zako za miamba hazitasimama pale zilipo leo. Nilipokea mwaka jana mashine ya msanifu majengo, nzuri, nyepesi, ya miezi kumi na minne, kadi kubwa ndani yake, na GB 16 zilizotiwa lehemu. Faili zake zilikuwa zimekua. Sikuwa na la kumfanyia, na iliniuma kumwambia. ThinkPad P1 ya mwaka 2024 ilileta aina mpya ya memori inayofungwa kwa skrubu, LPCAMM2, na ninatumaini itaenea, lakini vipande vyake si rahisi kuvipata hapa. Kwa hiyo nunua memori yote siku ya kwanza. GB 32 ndiyo sakafu yako, na kama fedha inaruhusu chukua 64.

Fedha hiyo itoke wapi? Itoke kwenye kadi. Katika mwili mwembamba, kupanda daraja la kadi ni kununua farasi mkubwa na kumfunga kwenye zizi dogo: kadi kubwa na kadi ya kati zinaishia kula wati zilezile chache, na tofauti unayoipata ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Angalia tu kwamba kadi ina memori yake ya GB 8, kwa sababu modeli isiyoenea humo inakwama hata kadi iwe na kasi gani. Usisumbuke sana na memori ya ECC inayosahihisha makosa. Ni nzuri kwa hesabu za siku kadhaa, na nyembamba nyingi hazina. Hati za uthibitisho wa programu zina maana zaidi: kampuni kama Autodesk, wenye AutoCAD, hupima kadi pamoja na programu zinazoiendesha (madereva) na kutangaza zipi zinafanya kazi sawasawa. Tafuta mashine yako kwenye orodha ya programu unayoitegemea zaidi. Na kabla mtu hajakushauri MacBook Pro kwa ajili ya wepesi na ukimya wake, mkumbushe kwamba programu kubwa za modeli za madini, kama Leapfrog Geo na Surpac, ni za Windows.

Ushauri wangu kwako ni huu. Chukua nyembamba, lakini usichukue nyembamba kuliko zote. Tafuta ya inchi 16 yenye uzito kati ya kilo 1.8 na 2.2. Zile gramu mia chache za ziada mara nyingi ni feni na vibati, na bega lako halitazitambua. Mashine ya zamani usiiuze. Ikisafishwa na kupakwa pesti mpya ya joto kwenye prosesa, iache mezani ofisini Lubumbashi ifanye ukadiriaji usiku, wakati wewe umelala. Kama mwajiri wako yuko tayari kununua kompyuta ya mezani kwa kazi hiyo, ni vizuri zaidi: kwa dola ileile, mashine ya mezani inaishinda laptopu yoyote kwa kazi ndefu, na inatengenezeka kwa vipande vinavyopatikana mjini.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu dakika 40 na mashine ikiwa imechomekwa. Akikataa, kataa nawe. Fungua paneli ya udhibiti ya NVIDIA, sehemu ya taarifa za mfumo, uone kikomo cha wati cha kadi. Kisha weka programu ya HWiNFO ionyeshe joto na mwendo wa viini, na uendeshe modeli yako halisi, uliyokuja nayo kwenye flashi. Puuza dakika 5 za mwanzo. Andika mwendo wa prosesa kwenye dakika ya 10, ya 20 na ya 30. Ukishuka kisha ukatulia, hiyo ndiyo kasi utakayoishi nayo, na unaweza kuamua. Ukiwa unapanda na kushuka bila kutulia, mashine hiyo inapozwa vibaya, iache. Sikiliza feni pia, maana utakaa nayo chumba kimoja. Na shika kibodi: mashine nyingi zinazopita Dubai zina mpangilio wa herufi wa qwerty, na kama mikono yako imezoea ule wa azerty tangu shule, utaumia kila siku kwa jambo dogo. Mwisho, chukua namba ya mashine uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone garantii inaisha lini na inatambuliwa nchi gani, kwa sababu garantii nyingi hazivuki mpaka na mashine.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Bega linalouma kwa sababu ya mzigo linapaswa kupungua ndani ya wiki chache mzigo ukipungua. Likiendelea, au vidole vikifa ganzi, nenda kwa daktari, usisubiri laptopu mpya ikuponye. Na laptopu yako ya sasa, kwa kuwa ina miaka mitano, iweke juu ya meza tambarare uitazame kwa upande. Ikiwa inayumba, au kibao cha kugusa (touchpad) kimenyanyuka na hakibonyezeki vizuri, betri imevimba. Usiichaji, usiiminye, usijaribu kuitoboa kutoa hewa kama wengine wanavyofanya. Niletee siku hiyohiyo, ikiwa imezimwa, mbali na jua, na uje na chaja yake, kwa sababu nitataka kuipima nayo.